Sababu saba za kuanguka kwa Roma hazitakuokoa, komredi

Msimu wa mitihani umebisha hodi, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa historia mambo ni yale yale. Mtu anatuma PDF ya kurasa kumi na kitu, haina jina la mwandishi, nusu yake imepigwa picha ikiwa imelala upande. Kichwa chake ni sababu za kuanguka kwa Dola la Roma. Zipo saba. Ya kwanza mashambulizi ya washenzi, ya pili ufisadi, ya tatu kodi, na kadhalika hadi ya saba. Watu wanajibu "barikiwa sana" na emoji za moto, halafu kila mmoja anajifungia kwenye bedsita yake na kuanza kukremu.

Msimamo wangu ni kwamba hiyo PDF ndiyo inayowapeleka makomredi wengi kurudia karatasi ya Ulaya ya Zama za Kati za mapema. Wala si kwa sababu ina uongo. Mengi yaliyomo ni kweli. Shida ni kwamba inajibu swali la kidato cha pili, ilhali mhadhiri anauliza swali lingine kabisa.

Mwaka 1984, mwanahistoria Mjerumani Alexander Demandt alichapisha kitabu alimokusanya sababu zote ambazo wasomi wa karne nyingi walikuwa wametoa kueleza kuanguka kwa Roma. Zilifika 210. Sasa wewe unaingia chumba cha mtihani na saba mfukoni. Hata ukiongeza tatu, bado hujafika popote, kwa kuwa idadi ya sababu haijawahi kuwa tatizo. Linaloulizwa chuoni ni kama Roma ilianguka kwa namna hiyo tunayoisema, lini, na nani alisema imeanguka.

Chukua mwaka 476 ambao kila mtu ameukremu. Odoacer, kamanda wa jeshi lililokuwa Italia, anamwondoa kijana Romulus Augustulus kwenye kiti. Nembo za kifalme zinapelekwa Constantinople kwa Mfalme Zeno, kwa maana kwamba huku Magharibi hatuhitaji tena mfalme wetu, wewe mmoja unatosha. Na kuna Julius Nepos, ambaye bado alitambuliwa na Mashariki kuwa mfalme halali wa Magharibi hadi alipouawa mwaka 480. Je, watu wa Italia waliamka asubuhi moja wakasema leo dola limeanguka? Hakuna ushahidi wa hivyo. Anayetupa mwaka 476 kama mwisho wa dola la Magharibi ni Marcellinus, mwandishi wa tarehe aliyekuwa Constantinople katika karne ya 6, miongo kadhaa baada ya tukio. Ukiandika hayo machache kwenye karatasi yako, tayari umewaacha nyuma wale wa sababu saba.

Kisha uwaingize wanaobishana. Peter Brown, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu ulimwengu wa wakati ule, alituzoesha kuona mabadiliko badala ya maangamizi: dini mpya, sanaa mpya, watu wapya madarakani, maisha yanaendelea. Mwaka 2005 Bryan Ward-Perkins akaja na hasira zake na kusema hapana, kitu kikubwa kilivunjika. Ushahidi wake ni vitu vya nyumbani kabisa, vyungu, vigae vya paa, hata ukubwa wa ng'ombe, ambao kwa mujibu wa mifupa iliyofukuliwa walipungua baada ya Warumi. Mimi hapo niko na Ward-Perkins. Mtu akiniambia uchumi umebadilika sura tu wakati mlo na paa la mwananchi wa kawaida vimekuwa duni, nitamuuliza yeye anakula wapi. Lakini wewe chagua upande wako. Ukishachagua, utetee kwa ushahidi. Alama ziko hapo.

Kuna malalamiko ambayo hayafai kupuuzwa, kwamba kwa nini tunasomeshwa wafalme wa Wazungu wenye nywele ndefu ilhali kuna mengi ya kwetu hayajaandikwa. Nayaelewa, na mtu akiitisha kozi zaidi za historia ya Afrika Mashariki nitatia saini. Lakini kuchukia kozi si sababu ya kuifanya vibaya. Na kuna mahali ambapo mwanafunzi Mkenya ana faida ambayo mwenzake wa London au Paris hana, nayo ni neno "kabila".

Vitabu vya zamani vinazungumza kuhusu makabila ya washenzi: Wagothi, Wafranki, Wavandali, Walombardi. Ramani ina mishale, kila kabila na mshale wake wa rangi tofauti, kana kwamba watu walitoka msituni wakiwa wamevaa sare. Sisi tumekaa na neno hili tangu utotoni na tunajua lilivyo na ujanja. Jina Kalenjin lilianza kushika katika miaka ya 1940, likiwakusanya Nandi, Kipsigis, Tugen, Keiyo, Marakwet na wengineo chini ya mwavuli mmoja. Jina Mijikenda vilevile ni la majuzi tu. Hilo halifanyi watu hao kuwa bandia. Linaonyesha tu kwamba majina ya makundi hutengenezwa, tena kwa sababu za wakati fulani.

Sasa rudi kwa Wafranki. Jina lao linajitokeza katika maandishi ya Kirumi ya karne ya 3, likifunika vikundi vidogo vya ng'ambo ya mto Rhine: Chamavi, Bructeri, Chattuarii na wengine. Ni muungano. Miaka mia tatu baadaye unakuta watu wengi wa Gaul kaskazini wanajiita Wafranki, ambao babu zao walikuwa raia wa Roma. Mwaka 1961 Reinhard Wenskus alianzisha mjadala mzito kuhusu jinsi makundi haya yalivyoundwa, na Patrick Geary akaandika mwaka 2002 jinsi wanasiasa wa Ulaya ya leo wanavyotumia hadithi za asili hizo kuchochea chuki. Walter Goffart naye amewapinga wafuasi wa Wenskus kwa ukali. Mkenya aliyewahi kupitia uchaguzi mmoja tu ana la kusema kuhusu jambo hili, na sidhani kuna mhadhiri atakayekunyima alama kwa kulinganisha kwa uangalifu. Nasema kwa uangalifu, maanake Clovis hakuwa mwanasiasa wa Bonde la Ufa.

Twende kwa vyanzo, kwa sababu hapo ndipo watu huchomeka sana. Ukiambiwa "jadili ushahidi", usiandike hadithi. Andika nani alisema, lini, na alitaka nini. Mfano bora ninaoujua ni Krismasi ya mwaka 800 mjini Roma, siku ambayo Charlemagne alivishwa taji.

Kwanza mazingira. Mwaka 799 Papa Leo III anashambuliwa na wapinzani wake barabarani mjini Roma, wanajaribu kumng'oa macho na kumkata ulimi. Anatoroka na kumfuata Charlemagne hadi Paderborn, kule Saxony. Upande wa Mashariki, Constantinople inatawaliwa na mwanamke, Irene, aliyempofusha mwanawe mwenyewe ili abaki na kiti. Papa anahitaji mlinzi. Charlemagne ameteka nusu ya Ulaya Magharibi. Tarehe 25 Desemba, ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, taji linawekwa kichwani.

Sasa waulize mashahidi. Kumbukumbu za kila mwaka za ufalme wa Wafranki zinasema Papa alimvisha taji, umati ukashangilia, kisha Papa akamsujudia kama walivyosujudiwa wafalme wa kale. Kitabu cha maisha ya mapapa, kilichoandikwa Roma, kinasimulia taji na shangwe lakini hilo la Papa kusujudu hakilitaji. Kumbukumbu za Lorsch zinasema jina la mfalme mkuu lilikuwa halina mwenyewe huko kwa Wagiriki kwa kuwa mwanamke ndiye aliyetawala, kwa hivyo ikaonekana vyema Charles aitwe hivyo. Einhard, aliyeishi katika jumba la Charlemagne na kuandika maisha yake baada ya kifo chake, anadai mzee hakupendezwa kabisa, na kwamba angejua mpango wa Papa hangeingia kanisani siku hiyo ingawa ilikuwa sikukuu kubwa. Na Theophanes, mtawa wa Kigiriki, anasema Papa alimpaka Charles mafuta kuanzia kichwani hadi miguuni, maelezo ambayo wasomi wengi huyasoma kama kejeli.

Tukio moja, mashahidi watano, na kila mmoja anavutia kwake. Anayeandika kwa niaba ya mfalme anataka Papa ainame. Anayeandika kwa niaba ya Papa anataka ionekane taji limetoka mikononi mwa Papa. Mgiriki anaona sinema tu. Nani aliye sahihi? Usikimbilie kujibu. Mhadhiri anataka kukuona ukiwapima. Mimi binafsi simwamini Einhard hapo. Mtu aliyemtuma balozi huku na huko, akamrudisha Papa Roma kwa ulinzi, akafika mwenyewe na jeshi mwishoni mwa mwaka, ati ashangazwe na taji? Hata hivyo kuna wasomi wanaosema kilichomuudhi ni namna taji lilivyotolewa, si cheo chenyewe, na hoja hiyo ina uzito. Kumbuka kwamba mwaka 813 Charlemagne alipomfanya mwanawe Louis mfalme mwenza, jambo hilo lilifanyika Aachen na Papa hakuwepo.

Ukishaelewa mchezo huu, unaweza kuutumia kwa Gregory wa Tours, aliyefariki mwaka 594 na ambaye bila yeye tungejua kidogo sana kuhusu Clovis, mtu aliyefariki mwaka 511. Hesabu miaka hiyo. Gregory alikuwa askofu, na alimtaka Clovis awe shujaa wa Ukatoliki. Kwa hivyo kile kisa maarufu cha chombo cha Soissons, ambapo mfalme anasubiri mwaka mzima kisha anampasua askari kichwa kwa shoka, kisome ukijiuliza kilimfaa nani. Fanya vivyo hivyo kwa Einhard anapowachekelea wafalme wa mwisho wa ukoo wa Merovingi, wakibebwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe na nywele zao ndefu bila kazi. Bosi wake alikuwa mjukuu wa Charles Martel, na baba wa bosi huyo, Pippin Mfupi, ndiye aliyemnyoa Childeric III na kumfungia kwenye monasteri mwaka 751. Lazima awaseme hivyo.

Vyanzo hivi si siri ya wenye maktaba kubwa. Chuo Kikuu cha Fordham cha New York kina mkusanyiko wa tafsiri za bure kwenye intaneti, umekuwepo tangu 1996, na kurasa zake ni maandishi matupu hata bando la shilingi 20 linatosha kuzifungua. Maisha ya Charlemagne ya Einhard ni kitabu kifupi, unakimaliza kati ya Rongai na mjini ikiwa kuna jam, na jam huwa ipo. Humo utamkuta mfalme mzima akiweka vibao vya kuandikia chini ya mto wake ili ajifunze herufi usiku usingizi ukipaa, akashindwa kwa sababu alianza akiwa mzee.

Kuhusu akili bandia nitasema kidogo tu. Itumie ikueleze neno gumu ukitaka. Lakini usiiombe orodha ya vitabu, kwa kuwa hujua kukutungia kitabu kizuri, chenye mwandishi na mwaka, ambacho hakijawahi kuandikwa. Na mwakenya nao uache. Unaweza kuficha tarehe ndani ya soksi, ila kulinganisha Einhard na kumbukumbu za Lorsch hakufichiki huko, utalazimika kukufanya kichwani.

Sasa lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo halina mjadala. Ila kwenye makundi yetu ya kudurusu naona kitu cha ajabu: watu wanasomeana sentensi za PDF kwa Kiingereza kile kile cha PDF, wanatikisa vichwa, wanaenda kulala. Hakuna aliyeelewa. Napendekeza mfanye kikao kizima kwa Kiswahili, ama Sheng, ama lugha yoyote mnayogombania nayo. Mwambie mwenzako, "Hebu niambie, huyo Pippin alimtoa Childeric aje, na Papa aliingilia wapi?" Akianza kubabaika, mmegundua pengo mapema. Akikujibu kwamba Pippin alituma watu kwa Papa Zachary kuuliza kama ni sawa mtu aitwe mfalme na hana nguvu, Papa akasema heri mwenye nguvu ndiye aitwe mfalme, basi huyo ameiva. Kuitafsiri kwa Kiingereza ni kazi ya dakika mbili.

Tena wenyewe tunaowasoma walilijua hili. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliagiza mahubiri yageuzwe kwa lugha ya watu wa kawaida, ya Kirumi cha mashambani au ya Kijerumani, ili wote waelewe. Mwaka 842 wajukuu wawili wa Charlemagne, Louis Mjerumani na Charles Kipara, walikutana Strasbourg kula kiapo dhidi ya kaka yao Lothar. Louis aliapa kwa lugha ya Kirumi ya askari wa Charles, na Charles akaapa kwa Kijerumani cha askari wa Louis. Binamu yao Nithard aliyaandika maneno yenyewe, na kile kiapo cha Kirumi huhesabiwa kuwa andiko la kwanza kabisa la Kifaransa tulilo nalo. Mwaka uliofuata, 843, wote watatu wakagawana dola Verdun. Ukiulizwa kuhusu Verdun usisahau Strasbourg. Wengi husahau.

Mada nyingine nitazipitia mbio. Sheria ya Wasali ya Wafranki ina bei ya kila uhai: Mfranki huru solidi 200, Mrumi mwenye ardhi 100, mwanamke wa umri wa kuzaa 600. Anayejua jinsi wazee wa Kaskazini Mashariki wanavyokaa chini ya mti kupatanisha koo kwa diya hatauita huo ushenzi. Ataona njia ya kuzuia kisasi mahali ambapo serikali haina polisi. Waviking wapo pia, Lindisfarne mwaka 793, lakini tafadhali wasile kurasa zako tatu kwa sababu tu umetazama tamthilia yao.

Swali la biashara ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo PDF huliruka. Henri Pirenne, Mbelgiji, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1937 akiwa ameshafariki, alidai kwamba Roma haikuuawa na Wagothi. Biashara ya Mediterania iliendelea hadi Waarabu walipoteka pwani za kusini katika karne ya 7. Hapo, alisema, dhahabu, mafunjo na viungo vikapotea Gaul, na Ulaya ikajikunyata kaskazini. Waakiolojia wamemsahihisha sana, maanake biashara ilikuwa imeanza kudorora kabla. Na Michael McCormick mwaka 2001 akaonyesha kwamba katika zama za Charlemagne mawasiliano na ukhalifa yalikuwa yanakua, na kwamba bidhaa kubwa ambayo Ulaya ilikuwa nayo ya kuuza huko ilikuwa watumwa. Ndiyo, Wazungu waliouzwa.

Hapo ndipo picha hugeuka. Offa, mfalme wa Mercia nchini Uingereza, alitengeneza sarafu ya dhahabu kwa kuiga dinari ya Khalifa al-Mansur, pamoja na maandishi ya Kiarabu, na fundi wake akaliweka jina la Offa kichwa chini kwa kuwa hakujua Kiarabu kinasomwa vipi. Ipo Makumbusho ya Uingereza leo. Harun al-Rashid wa Baghdad alimtumia Charlemagne ndovu, Abul-Abbas, aliyefika Aachen mwaka 802. Na wakati huo huo, kule Shanga kwenye kisiwa cha Pate, Lamu, palikuwa na msikiti mdogo ambao waakiolojia wanauweka mwishoni mwa karne ya 8, katika mji uliofanya biashara na ulimwengu huo huo wa Baghdad. Aachen na Shanga hazikujuana, ila zote zilikuwa pembezoni mwa kitu kikubwa kuliko zenyewe. Usiijaze karatasi kwa Shanga, mtihani ni wa Ulaya. Sentensi moja inatosha.

Na kabla sijasahau, pauni moja ya fedha kugawanywa katika shilingi 20 na peni 240 ni hesabu ya wakati wa Charlemagne. Waingereza waliishika karne nyingi, na mwaka 1921 ikaja huku na shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni. Waulize wazazi wenu kwa nini bajeti za zamani zilisomwa kwa pauni za Kenya.

Kuhusu siku yenyewe. Vyuo vingi huweka saa mbili, swali la kwanza la lazima alama 30, kisha uchague mawili ya alama 20. Dakika 50 kwa la kwanza, 35 kwa kila moja la hayo mengine, hesabu inafunga. Anza na la lazima hata kama hulipendi, kwa sababu wanaoanza na wanalolipenda humwaga kila kitu dakika 70 kisha wanaandika la mwisho kwa nukta. Kumbuka karne ya 8 ni miaka ya 700, mtu akikuambia Charlemagne alikuwa wa miaka ya 800 tu mrekebishe: alitawala kuanzia 768 hadi 814. Na uandike herufi zinazosomeka. Hizo herufi ndogo za mviringo tunazotumia zilisambazwa na waandishi wa Charlemagne kwa sababu mwandiko wa zamani ulikuwa umewashinda watu kusoma, na mhadhiri wako ana vijitabu mia mbili vya kusahihisha kabla ya Jumatatu.